Bi Mkubwa Hapondwi

Shemeji alisukuma boksi la risasi juu ya kaunta mpaka likanigusa kiwiko.

"Bi Mdogo," akasema. "Anza kumzoea, shemeji. Yule wako ameshazikwa, hata matanga yameisha."

Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, na duka lake ndilo duka pekee la bunduki hapa mjini. Mimi nilikuwa nimeenda kumwuliza risasi ya bunduki yangu, aina ile ambayo wawindaji wanaiita Bi Mkubwa. Zamani haikuwa na jina, iliitwa risasi tu, kwa sababu ilikuwa peke yake. Ilipokuja risasi ile ndefu ya kijeshi na watu wakaikimbilia, ndipo mtu mmoja mwenye mdomo akasema, haya, bwana ameoa mke wa pili. Basi majina yakashika. Bi Mkubwa na Bi Mdogo.

Mkobani nilikuwa na barua ya ofisi ya silaha, mistari sita. Bunduki yoyote ambayo risasi zake haziuzwi dukani isalimishwe uwanjani kwao siku ya Alhamisi, ipondwe. Na mtu aliyezidi miaka sabini hapewi kibali kipya. Mimi nina sabini na tatu. Kwa hiyo nikiitoa hii, sishiki nyingine mpaka naingia kaburini. Na nguruwe pori hawasomi barua. Shamba langu la karanga ndilo la mwisho kabla ya pori, nyuma yangu kuna majirani watatu, na sote tunavuna kwa sababu bunduki ile ipo.

"Wewe ndiye uliyeacha kumleta," nikamwambia.

"Nimwache akusanye vumbi hapa rafuni? Kizuri chajiuza, shemeji. Mbona Bwana Harusi alikuja na boksi la dhahabu, akapotea?"

Hapo alisema nusu ya ukweli. Bwana Harusi ilikuwa risasi yenye nguvu za ajabu. Ilisifiwa miaka mitatu. Lakini ilikuwa ikikupiga bega mpaka unashindwa kunyanyua kikombe, na mtutu ulikuwa unaliwa haraka kama sabuni. Ikafa, na haikustahili kuliliwa.

"Bi Mkubwa hakuwa hivyo," nikasema. "Anapiga sawa, habughudhi bega, na mtutu wangu una miaka arobaini. Bi Mdogo hakupendwa kwa uzuri. Jeshi lilimtumia, vita vikaisha, viwanda vikabaki na mitambo yake. Akawa rahisi, akawa kila mahali. Duka linamweka kwa kuwa watu wanamnunua, watu wanamnunua kwa kuwa duka limemweka. Bi Mkubwa alikuwa na kiwanda kimoja tu duniani. Ninyi wenye maduka mlipoacha kumwagiza kikafungwa, nani angemsemea?"

"Na kidole cha yule bwana?"

Nilijua atakitoa hicho kidole. Hadithi yake ni hii. Ng'ambo ya mto, waliita Bi Mkubwa risasi nyingine kabisa, nene. Mwindaji mmoja wa huku alikwenda huko akaomba Bi Mkubwa kwa jina, hakutazama namba, akapewa ile nene. Ikagoma kuingia. Badala ya kujiuliza, akaigongea kwa nyundo. Bunduki ilipasuka ikaondoka na kidole gumba chake, na watu wote wakasema Bi Mkubwa anakula vidole. Jina likabeba dhambi ya nyundo.

"Kidole kililiwa na ujinga," nikasema. "Nipe maganda matupu ya Bi Mdogo, yale ya kwenye ndoo."

"Ya nini?"

"Ya kufanyia mapambo ya ukutani."

Akacheka, akanipa ndoo nzima.

Marehemu alikuwa fundi bunduki. Miaka thelathini na minane nilikaa upande wa pili wa meza yake, kwanza nikimshikia taa, mwisho nikimsahihisha. Alipofariki, cheti cha karakana kilihamishiwa jina langu, na kila mwaka nakwenda kukihuisha. Kinaniruhusu kujaza risasi na kumwuzia mwenye duka. Wengi walidhani nakihuisha kwa ajili ya kumbukumbu. Mimi si mtu wa kupanga foleni kwa ajili ya kumbukumbu.

Nilichokuwa nakijua, na shemeji hakijui kwa kuwa yeye ni mtu wa kaunta, ni kwamba wake wenza wale kitako cha maganda yao ni kimoja. Tofauti ni urefu na mabega, pale ganda linapobana kuelekea shingoni. Na Bi Mdogo ndiye mrefu. Mrefu hukatwa, mfupi harefushwi.

Nilichagua maganda mazima, nikayaosha kwa maji ya ndimu mpaka shaba ikang'aa. Nikapaka kila moja mafuta kidogo kwa kidole, nikalisukuma ndani ya kalibu ya marehemu, chuma chake cha kuumbia maganda, taratibu, mabega yakashuka. Ukienda haraka shaba inakunjamana kama soksi, na ganda hilo ni la kutupa. Nilitupa manne. Kisha nikakata shingo, nikalainisha mdomo kwa tupa, nikapima moja moja. Kitakoni namba ya Bi Mdogo nikaipiga mikwaruzo miwili, asije mwingine akagonga nyundo. Vichwa vya risasi na baruti vilikuwamo karakanani; baruti niliipima mara mbili, kama alivyonifundisha.

Risasi ya kwanza sikuipiga begani. Niliifunga bunduki kwenye tairi bovu, nikajificha nyuma ya ukuta, nikavuta kamba. Ikalia mlio wake ule ule. Ganda lilitoka zima, halina hata ufa. Nilikaa chini nikajicheka peke yangu.

Alhamisi uwanja ulikuwa umejaa. Upande wa lango la kutokea palikuwa na mashine ya kupondea, inanguruma. Kwenye foleni nilihesabu wazee sita wenye bunduki kama yangu, wameinamisha vichwa. Shemeji naye alikuwepo, amekuja kukaguliwa stoo.

Mkaguzi alikuwa binti mwenye miwani. "Shikamoo, bibi. Weka hapo kwenye rundo."

"Marahaba, mwanangu. Siweki. Risasi hizi hapa."

Alizigeuza. "Bibi, kitakoni hii ni Bi Mdogo."

"Alikuwa. Sasa nimemshonea nguo upya." Nikampa cheti. Akakisoma mbele na nyuma, akanipeleka kwenye ubao wa shabaha, hatua mia. Nikapiga tatu. Akaenda mwenyewe kutazama, akarudi. Matundu yote matatu ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa ya chai.

"Bibi, unapiga vizuri. Lakini agizo linasema *dukani*. Hizi ziko mkobani."

Nikageuka. "Shemeji! Boksi moja lina ishirini. Liweke rafuni."

"Shemeji, usinitie aibu mbele za watu. Rafu ni ya kinachotoka. Nani ataziulizia?"

Mzee mmoja, wanamwita Kijiko kwa wembamba wake, alitoka kwenye foleni. Alikuwa wa pili kutoka kwenye mashine. "Mimi naziulizia."

"Mzee Kijiko, wewe ulisema unataka Bi Mdogo!"

"Nilisema hivyo kwa kuwa ndiye uliyekuwa naye. Ungekuwa na mawe ningesema nataka mawe."

Watu wakacheka. Akatoka mwingine, akatoka bibi mmoja na bunduki ya mumewe kaifunga kwa khanga, mpaka wote sita wakamzunguka shemeji, kila mmoja anauliza lini. Niliona jinsi uso wa mwenye duka unavyobadilika mtu wa nne anapouliza kitu kile kile. Siku zote hubadilika pale kwa wa nne.

"Haya," akasema, "rafu ya chini kabisa, huko nyuma."

"Ya chini watainama, hawa wana migongo. Weka ya kati, jirani na mke mwenzie."

"Shemeji wewe ni mzigo!"

"Beba."

Mkaguzi alikuwa anauma kalamu. Akaandika jina la duka kwenye fomu yangu, akagonga mhuri, akawaita wale sita warudi mwanzo wa foleni waandikwe upya. "Kibali ni cha mwaka mmoja tu, bibi. Mwakani nitakagua tena."

"Mwakani njoo na ubao mpya. Huo nitakuwa nimeumaliza."

Nikaipachika bunduki begani. Askari akaninyooshea mkono kuelekea lango la kutokea, upande wa mashine. Nikampungia, nikatoka kwa lile la kuingilia.