Nyayo za Maji Mbele ya Ubao

Haya yote ni kweli tupu. Nikiongeza hata punje ya chumvi, nifutishwe ubao mwezi mzima, mbele za watu.

Nyuma ya ghala la chupa tupu kulikuwa na chumba, na humo mwalimu mmoja kijana alifundisha watoto wanaofanya kazi: wang'arisha viatu, waokota plastiki, wabeba mizigo wa sokoni. Darasa lilikuwa saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha kila mtoto anashika njia yake. Ufunguo ulikaa kwa mlinzi mstaafu wa ghala, mzee mtanashati, mwenye akili zake.

Siku moja mwalimu alisahau miwani. Aliporudi saa nane na dakika chache, mchana kweupe, alikuta nyayo za maji sakafuni, ndogo, zimetoka mlangoni hadi mbele ya ubao. Za kurudi hazikuwepo. Na chini ya somo la asubuhi mtu alikuwa amelinakili lote, neno kwa neno, herufi zimelala kama majani yaliyokanyagwa.

Akamwita mlinzi. "Babu, nani kaingia humu?"

Mlinzi akakohoa, akatazama dari, akashusha sauti. "Mwanangu, sikutaka kukwambia. Zamani kuna binti alizama kwenye tangi la kuoshea chupa. Alikuwa na hamu ya kusoma, basi. Hana ubaya na mtu."

Maneno hayo hayakulala pale. Kufikia Jumatatu, watoto kumi na tisa wamebaki saba. Mwenye ghala akaja, tumbo limetangulia. "Mwalimu, wasipofika kumi Ijumaa, narudisha magunia yangu humu."

Ubaoni nako, hakuna aliyeandika tena. Ajabu ni kwamba mwalimu aliutamani ule mwandiko. Kila asubuhi alitazama ubao kwanza, ndipo awatazame walio hai.

Alhamisi mchana akajifungia ndani, peke yake. Saa saba ilipopita kidogo miguu ikaja, chwa, chwa, chwa, ikasimama. Kivuli kikaziba mwanga chini ya mlango.

"Hodi, wewe uliyekufa," sauti ikanong'ona. "Siingii. Naomba tu uniandikie ya leo kubwa kubwa, nitasomea dirishani."

Chaki ikakatika mkononi mwa mwalimu. Alijikaza, akafungua. Nje alisimama binti wa miaka kama kumi na mmoja, aproni ya gunia, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Shikamoo... Kumbe mzimu ni mwalimu?"

"Marahaba. Ni wewe uliyekuwa unaandika humu?"

"Ndiyo. Naosha chupa. Tunapumzika saa saba mpaka saa nane, Babu alikuwa ananifungulia. Halafu nikasikia humu kuna maiti inaandika ubaoni. Mwalimu, kumbe siku zote hizo nilikuwa nayo, sisi wawili tu!"

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia. Mtoto alikuwa anajikimbia mwenyewe.

"Mko wangapi huko kwenye chupa?"

"Kumi na wanne. Asubuhi hatuwezi. Na hakuna aliyetuuliza tunaweza saa ngapi."

Ijumaa kukawa na darasa la asubuhi na darasa la saa saba. Mwenye ghala alihesabu, akarudia kuhesabu, akaondoka na magunia yake.

Mwalimu akamgeukia mlinzi. "Babu, tangi lenyewe linafika magotini. Yule binti alizamaje?"

"Alikuwa... mfupi."

"Babu!"

"Nilitaka watu waogope, wasije wakamfukuza mtoto. Baadaye nilimwambia mtoto mwenyewe ukweli mara tatu. Akaniuliza, 'Babu, na wewe umeanza lini kusema kweli?'"

Haya, mzee mtanashati ni mimi. Kwa adhabu ya mwalimu nafuta ubao kila saa nane, hii ni wiki ya tatu. Nimewatangazia wote kwamba yule wa kwenye tangi nilimtunga, nao huitikia vizuri tu. Lakini benchi la mbele wanaacha nafasi ya mtu mmoja, na jana nilipojibwaga hapo kupumzisha magoti, muosha chupa wangu akanivuta mkono taratibu.

"Babu, pisha. Umemkalia."

Nikapisha, nikashika kifutio. Suruali nyuma ilikuwa imelowa chapachapa. Ila hilo siliapii.