Nahodha Aliulizwa Mara Mbili

Picha ya Ngabo ilikuwa imebaki doa la buluu. Mvua iliyowakuta wachezaji wa Fizi wakiteremka kwa pikipiki kuja Baraka ilipenya hadi mfukoni mwake, ikafuta uso kwenye kadi ya mwanafunzi pamoja na nusu ya jina. Mwamuzi aliigeuza kadi huku na huku, akatikisa kichwa.

Timu mbili zilisimama zikitazamana, kila mchezaji na kadi yake mkononi. Ndivyo fainali ya shule za sekondari inavyoanza huku: kadi kwanza, mpira baadaye, maana kuna mwaka timu moja ilileta beki mwenye watoto watatu nyumbani. Kadi ikiharibika, shule hizi zina makubaliano yao. Nahodha wa wapinzani ndiye huulizwa, na akisema anamjua mwenzake kuwa ni mwanafunzi, basi anacheza. Ni heshima kubwa kumpa mpinzani, na hadi siku hiyo hakuna nahodha aliyewahi kuichezea.

Nahodha wa Baraka alikuwa Raphaël. Ngabo alipoona kwamba huyo ndiye atakayeulizwa, alicheka kidogo, akainama kufunga kamba za viatu. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Miaka miwili walikuwa wameketi dawati moja kule Fizi, kabla wazazi wa Raphaël hawajahamia huku Baraka, ziwani. Mchana walikula kwa mama yake Ngabo, Bazubagira, aliyeshuka kutoka Minembwe na ng'ombe wawili tu, lakini hakumruhusu Raphaël kuondoka bila kikombe cha pili cha maziwa.

"Kapiteni, huyu unamujua?" mwamuzi aliuliza.

Raphaël aliutazama uwanja. Shule yake yote ilikuwa pale, imepiga kelele mpaka sauti zimekauka. Ngabo alikuwa amefunga bao katika kila mchezo wa mashindano, na beki wa kumkaba leo alikuwa yeye, Raphaël. Miguu ile aliijua. Alijua pia kwamba hataiweza.

"Hapana. Mi simujui."

"Angaria muzuri."

Bado nafasi ilikuwepo, mwamuzi kampa bure. "Mi simujui," alirudia, macho yake yakiwa kwenye viatu vya mwamuzi.

Ngabo aliinuka, kamba ya kiatu kimoja ikiburuzika. Hakubisha, hakumwita jina. Hilo ndilo lililomchoma Raphaël. Lau angetukanwa, angepata sababu ya kukasirika.

Baraka ilishinda moja bila. Walimbeba nahodha wao juujuu, wakampa kombe, naye akaliinua. Uso ulimwaka kwa aibu, watu wakadhani ni furaha. Dada yake, Georgette, alipenya hadi alipo.

"We Raphaël, ule si Ngabo wa Mama Bazubagira? Juu ya nini hakucheza?"

"Karte yake iliharibika."

"Sasa si ungewaambia ule ni ndugu yetu?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapo vijana wa Fizi walianza kupita wakitoa mikono kwa washindi, na Ngabo alikuwa wa mwisho. Raphaël alikwisha kuandaa maneno: kwamba alichanganyikiwa, kwamba shule ilimlemea, kwamba atapanda Fizi Jumapili kumsalimu mama.

Ngabo alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anavyomsalimu mgeni wa heshima.

"Umecheza muzuri, kapiteni," alisema. "Mi naitwa Ngabo. Mama yangu ni Bazubagira. Niko nasoma ya sita, kule Fizi."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Wala hakuuachia mkono. Alisimama akingoja, kama watu wanavyongoja wanapojuana mara ya kwanza, mpaka Raphaël akayaacha maneno yake yote.

"Raphaël," alisema. "Mi naitwa Raphaël."

"Asante," Ngabo alijibu, akamwachia mkono, akawafuata wenzake kwenye pikipiki.