Kikaango cha Upepo na Sufuria ya Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota, na naomba nisikatizwe mpaka nimalize, kwa sababu nikikatizwa huwa naanza upya na chai inapoa.

Kwanza mjue yaliyotokea jioni, nikiwa macho. Sisi tunakaa Tanga, Chumbageni, watu watano: mimi Mwajabu, mume wangu Shekivuli, mabinti zetu Nuru na Saumu, na mama mkwe wangu, Bi Mwanjaa. Jikoni kuna jiko kubwa lenye oveni, la zamani, mlango wake umefungwa kwa kipande cha kanga usianguke. Ndani ya oveni hiyo tunaweka masufuria. Najua na nyinyi mnaweka, msijifanye. Tunaitoa vyombo siku chache tu za mwaka, mama mkwe anapooka mkate wake wa mchele. Siku hizo masufuria yote yanashushwa sakafuni na tunapita tukiyaruka.

Macho ya mama mkwe yamepungua. Hakati tena vitunguu, hachagui mchele. Kazi iliyombakia ni moja: anamimina rojo lake kwenye sufuria yake pana, tunaitia ovenini, anavuta kigoda na kutega sikio karibu na mlango. Mkate ukiwa mbichi unanong'ona. Ukinyamaza, umeiva. Hajakosea hata siku moja, na sisi hatujawahi kutazama saa.

Sasa, mume wangu ameambiwa na daktari apunguze mafuta, na mimi mihogo na samaki wa kukaanga ndiyo mapishi yangu. Akaja na karatasi ya dukani yenye picha za hizo air fryer, zinazokaanga kwa hewa ya moto. Mama mkwe anaiita kikaango cha upepo, na mimi nimemfuata yeye. Mpango ulikuwa jiko kubwa litoke, kikaango kiingie. Shekivuli akatusomea mezani kwa sauti, amejaa furaha: inatosha familia ya watu wanne.

Mama mkwe akahesabu kwa vidole. Shekivuli, Mwajabu, Nuru, Saumu. Kidole gumba kikabaki peke yake. Akaweka kijiko chini, akasema taratibu kwamba basi yeye atakwenda Pongwe kwa mdogo wake Mwanahawa, kule jiko ni mafiga matatu na halihesabu watu. Tukacheka, tukidhani anatania. Baadaye nikamsikia chumbani kwake akikunja magauni na kuyatia kwenye mkoba. Nililala nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Ndipo nikaota.

Nimekaa sebuleni, hodi inabishwa mlangoni. Linaingia birika la umeme, limevaa kofia ya kufuma, na nyuma yake vikaango viwili vya upepo vinatembea kwa adabu, kila kimoja kimeshika waya wake usiburuzike. Kimoja cheusi, kirefu. Cha pili kipana, cha kijivu, hakisemi kitu. Birika linasema lenyewe ndilo mshenga, na wamekuja kuposa jikoni kwetu. Sishangai hata kidogo. Ninachowaza ni kwamba nyumba haijafagiliwa.

Birika limekuja na kijitabu, na linaomba yaliyoandikwa yafuatwe vilevile. Likiongea sana linachemka, linajizima lenyewe, tik, na sote tunangoja lipoe.

Ukurasa wa kwanza: pasha moto dakika tatu kabla ya kuanza. Basi mimi na mume wangu tunatolewa uani, tunasimamishwa juani dakika tatu, ndipo tunaruhusiwa kusalimiana na wageni.

Ukurasa wa pili: acha nafasi ya kiganja nyuma yake. Ukuta wetu wa nyuma unarudi hatua moja, bila kuambiwa mara mbili. Jirani yetu Mzee Mhando anachungulia dirishani na kusema ukuta wetu uko kitandani kwake. Namwambia avumilie kidogo, tuna posa. Anasema haya, ila pilau lisimpite.

Mara jiko letu kubwa linatoka jikoni likijikongoja, kanga mlangoni, masufuria yanagongana tumboni mwake. Naona aibu. Kikaango cheusi kinaliangalia juu mpaka chini, kinauliza huyu kazi yake nini. Najibu kwamba anatunza vyombo. Kutoka ndani masufuria yanauliza kwa pamoja: wao wakihamishwa, watalala wapi? Ni swali la haki kabisa. Birika linapekua kijitabu, halioni ukurasa wa malazi ya masufuria. Tik.

Jiko linanigeukia. Sauti yake ni nzito, sauti ya mtu aliyenyamaza miaka kumi na tisa.

"Mwajabu, mimi na hawa hatuna ugomvi. Nimechoka kuwashwa. Nifanye kabati moja kwa moja, nijue moja."

"Na mkate wa Mama je?"

"Hilo waulize wenyewe."

Siwaulizi, kwa sababu birika limepoa na limefika ukurasa wa tatu: inatosha watu wanne. Linasema jambo hili lazima lihakikishwe mbele ya mashahidi. Kikaango cheusi kinavuta droo yake, na sisi tunaingia mmoja mmoja kama tunaopanda kitandani. Shekivuli na ndala zake, Nuru, Saumu, halafu mimi, nikiwa nimekusanya gauni nisilikanyage.

Ndani si droo. Ni ukumbi wa harusi, mapambo ya rangi ya fedha kila mahali, feni kubwa darini inanguruma, na katikati meza moja yenye viti vinne. Viti vimepigiliwa misumari sakafuni. Nageuka. Mama mkwe yuko mlangoni, amekumbatia sufuria yake pana.

"Nafasi zimejaa," kinasema kikaango cheusi.

Mume wangu anasema atampa mama yake nusu ya kiti. Kikaango kinaonyesha mstari mwekundu ukutani na kusema mtu asiuvuke. Mama anajaribu kuipitisha sufuria peke yake, angalau hiyo iingie, nayo inagota mlangoni kwa upana wa kidole. Anairudisha kifuani, anaipangusa kwa ncha ya mtandio. Halafu mlango unafungwa.

Saa inaanza kuhesabu kutoka ishirini. Joto lenyewe si baya, niseme ukweli. Katika maisha yangu nimekaa kwenye kumbi za harusi zenye joto kuliko lile. Lakini siwezi kukaa kwenye kile kiti. Kila nikitulia nakiona kidole gumba cha Mama, kimebaki peke yake pale mezani.

Inapofika kumi, kijitabu kinasema tikisa. Ukumbi mzima unatikiswa. Shekivuli anajikuta upande wa pili wa meza, ndala moja haipo. Saumu anaomba watikise tena. Nuru anauliza kama kuna keki.

Mara saa inalia ting.

"Mmeiva," kinasema kikaango cheusi. "Karibuni nje."

Na sauti ya Mama inatoka nyuma ya mlango, taratibu kabisa.

"Bado."

"Bibi, dakika ishirini zimekwisha."

"Hizo ni zako wewe. Mimi namsikia Shekivuli ananong'ona, upande wa kushoto. Huyo tangu mtoto ni mzito kuiva."

Mume wangu anajishika bega la kushoto. Lina baridi. Anaona haya, na mimi naangalia pembeni nisimcheke mbele ya watoto.

Kikaango cheusi kinauliza, na sasa sauti yake imepungua, Mama anasikiaje. Kinasema chenyewe kinajua dakika tu. Kikilia ting watu wanafungua, wakikuta kuku mbichi kwenye mfupa wanakipiga kofi, na hakuna aliyewahi kukieleza kilikosea wapi. Mama anakiambia kwamba jambo la kwanza ni kupunguza kelele. Feni darini inapunguza mwendo. Inazunguka kwa haya, mpaka nasikia kiatu cha Nuru kikisugua sakafu.

Nami naondoka kwenye kiti changu, naweka sikio kwenye mlango kwa ndani. Upande wa pili nasikia Mama anavyopumua. Tumetenganishwa na bati tu. Nikaanza kulia, na nilikuwa sijalia tangu jioni.

"Mama," nikasema, "hatukukuhesabu vibaya. Hatukukuhesabu kabisa, na hilo ndilo baya zaidi. Usiende Pongwe. Nisamehe."

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Nasikiliza."

Nikanyamaza. Tukasikiliza sote, mimi ndani, yeye nje, na kikaango katikati. Ule mnong'ono ukapungua, ukapungua, ukaisha.

"Sasa," akasema Mama.

Mlango ukafunguka na tukatokea jikoni kwetu, sote wazima, tumebadilika rangi kidogo tu. Kikaango cheusi kikaomba radhi. Kikasema ile habari ya watu wanne kilikuta kimeandikiwa ubavuni, na aliyeandika hajawahi kutuona tunavyokula. Hapo ndipo kile kipana cha kijivu, kilichokuwa kimekalia waya wake muda wote, kikakohoa.

"Kila anayekuja ananipima kwa idadi ya watu," kikasema. "Hakuna aliyewahi kuja na sufuria yake."

Tukatazamana. Jambo lenyewe ni jepesi mpaka linatia hasira. Hata gauni huliagizi bila kipimo chako. Birika likapekua kijitabu chote mbele na nyuma, halikuona pa kukataza. Kikaango cha kijivu kikavuta droo yake mpaka mwisho. Mama akainua sufuria kwa mikono miwili. Masufuria mengine yakajazana kwenye mlango wa jiko kubwa kuchungulia, na jiko likayaonya yasisukumane. Ukuta ukarudi mahali pake, nikamsikia Mzee Mhando akishukuru. Mama akaanza kuishusha sufuria ndani ya droo, polepole, kwa kupapasa. Nikasogeza kichwa nione kama itaingia.

Nikaamka.

Jua limeshachomoza, na kichwani sina kitu kingine ila ile sufuria, imebaki hewani. Nikaenda jikoni. Jiko kubwa lipo mahali pake, kanga mlangoni, halisemi. Nikatoka barazani. Mama mkwe amekaa kwenye kiti, amevaa baibui na viatu, mkoba wake mapajani, amekwishajiandaa kusafiri.

Nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kumwambia yote niliyomwambia mlangoni, lakini mtu akiwa macho maneno hayatoki vile. Nikamuuliza tu kama amekunywa chai.

Akafungua zipu ya mkoba. Ndani hamna gauni hata moja. Imo sufuria yake pana, imeoshwa, imefungwa kwenye kanga.

"Magauni nimeyarudisha kabatini," akasema. "Hayakuenea pamoja na hii. Twende dukani, Mwajabu."

Nikamwambia sawa, Mama, twende tukaipime, tusije tukanunua kitu ambacho haiingii ndani yake. Sikuwa nimemsimulia ndoto yangu. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.

"Kwenye kile cha kijivu inaingia," akasema, huku akifunga zipu. "Inabaki nafasi ya kidole. Wewe uliondoka mapema."

Nilikuwa bado nimechuchumaa pale, Shekivuli alipotoka ndani akipiga miayo. Anajisugua bega la kushoto. Anasema hajui amelalaje, upande huu mzima una baridi.

Mama mkwe akamvuta mkono, akamwinamisha, akamgonga bega kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Bado kidogo," akasema. "Kasimame juani dakika tatu."

Akaenda akasimama juani, bila kuuliza, na ndala moja mguuni. Mimi nikaingia ndani kuvaa viatu.