Panya Waliosikia Kengele

Uvimbe ulikuwa sawa. Nakhumicha alipima tena masikio ya panya weupe, kizimba cha kwanza, kizimba cha pili, na kipimo kikamjibu vilevile.

Kazi yake ya stashahada ilisimama juu ya jambo moja: kwamba hofu ya muda mfupi huiamsha kinga ya mwili. Panya wa kizimba cha kwanza aliwabana kwenye mirija kabla ya kuwapaka masikioni dawa ya kuichokoza kinga. Wa pili aliwaacha wastarehe, kisha akawapaka. Waliobanwa ndio waliopaswa kuvimba zaidi. Bila tofauti hiyo, hahitimu mwaka huu.

“Hawa wako wa starehe hawakustarehe,” alisema Mwalimu Wangila, msimamizi wake pale chuoni Kitale. “Uliwafungulia paka?”

“Paka gani, Mwalimu? Niliwaweka chumba cha nyuma. Kimya kabisa.”

“Kimya gani Agosti hii, bana?” Akacheka, akatoka.

Nakhumicha akaganda na kipimo mkononi. Agosti, mwezi wa tohara.

Siku ile ya kupaka dawa, mpwa wake Sifuna alifika kutoka Bumula kumwalika kwenye tohara yake. Alikuja wanavyokuja vijana wa Kibukusu: shanga kifuani, kengele mikononi, ndugu nyuma wakiimba. “Senge, usikose!” alimwambia shangaziye, chini ya dirisha lile lile la chumba cha nyuma. Nakhumicha alicheza hadi kiatu kikamvuka, kisha akaingia akitweta kwa furaha, akawapaka panya dawa. Hakuwaza kelele. Kwake zile hazikuwa kelele, zilikuwa nyumbani.

Angeweza kuzipunguza namba za kizimba cha pili. Panya hawaendi kushtaki. Akamfuata Wangila.

“Ni kengele za Sifuna, Mwalimu. Naomba nirudie, hata kama ni kuhitimu mwakani.”

Wangila akajikuna kidevu. “Na mimi si nilikuwa hapo nikipiga makofi? Wawili wazima, hakuna aliyewaza panya.” Akaguna. “Rudia. Lakini Agosti iishe kwanza.”

Jioni kundi jingine la waalikaji lilipita likielekea mtaa wa Tuwan. Nakhumicha alisimama dirishani, na kwa mara ya kwanza akazisikia kengele kwa masikio ya panya: chuma juu ya chuma, karibu, karibu zaidi. Vinyweleo vikamsimama. Akamfikiria Sifuna, ambaye alfajiri ya Jumamosi angesimama uani kwa baba yake, bila kupepesa, akingoja kisu. Na chini ya ngozi yake, askari wa mwili wangekuwa wameshaamka.