Sahani za Chinimaya

Jumamosi mchana Chinimaya Pariyar alifunika cherehani yake akateremka hadi mkahawa wa mzee Khadananda, chini kidogo ya soko la Gorkha, Nepal. Alikuwa ndiyo kwanza amalize kumshonea binti wa Khadananda blauzi za harusi. Akala wali na dengu pale barazani, huku akijiambia: leo sahani naiacha hapa hapa bila kuiosha, kama wateja wengine.

"Chinimaya, bomba unalijua," Khadananda akasema bila kuinua macho. "Sheria ya kukataza ubaguzi nimeisikia. Lakini sahani aliyolia mtu wa tabaka lenu la chini, mteja gani ataigusa?"

Akaiosha. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiwiko. Alipoanza kupanda kwenda kwake, sahani ikamfuata. Ilijiviringisha kwa ukingo wake, pole pole, ikampisha mbuzi, ikapanda ngazi za mawe. Jirani yake Dilkumari akasogeza kapu la mboga ili ipite.

"Umenunua?"

"Hata sijui, dada. Imekuja tu."

Jioni zikaja nyingine kumi na mbili. Kufika Jumapili zilikuwa arobaini, zimejipanga chini ya cherehani, na kule mkahawani watu wanakula juu ya majani kwa kukosa sahani. Chinimaya akachanganyikiwa. Alizirudisha kwa kapu, zikamtangulia nyumbani. Akaiuliza moja inataka nini kwake. Ilikuwa sahani, haikujibu.

Jumatatu Khadananda akaja mwenyewe. Akachovya pete ya dhahabu kwenye maji, kama ilivyo mila, akazinyunyizia sahani zote zitakasike na mguso wa Chinimaya.

"Harusi kesho kutwa, usiniaibishe. Haziondoki bila wewe. Njoo ule."

"Ndani, mzee?" Chinimaya akauliza.

"We njoo tu."

Akaenda, sahani nyuma yake kwa mstari. Mkeka wake ulikuwa umetandikwa barazani, pale pale pa kila siku. Akakaa, nazo zikakaa kumzunguka, hakuna iliyokubali kuingia ndani. Akala, maana njaa haina hasira. Alipoiweka chini sahani yake, ikajichanganya na wenzake, zote zikawa na madoa ya dengu.

"Osha yako," Khadananda akasema.

"Ipi?"

Aliuliza kwa dhati. Khadananda akainama, akazitazama moja moja, na yeye pia asijue. Ndani mteja akaita, wali unapoa chunguni kwa kukosa sahani.

"Ah, basi osha zote."

Chinimaya akakunja mikono ya blauzi yake, akafungua bomba.