Shimo la Barua

"Injinia, leo je? Bado?"

Umm Nagah, yaani Mama Nagah, mhudumu wetu wa chai, alitua sinia mezani kwangu bila kunitazama. Ilikuwa Alhamisi, saa tano na robo asubuhi. Kliniki moja ya Amman, nchini Yordani, ilikuwa imeahidi kumwandikia, kupitia anwani ya barua pepe ya idara yetu, kama bintiye atapasuliwa moyo bila malipo. Wiki tatu, kimya.

"Wametusahau. Maskini ana nani?"

"Ngoja nitazame tena, mama," nilisema, kumridhisha tu.

Miaka kumi na tisa imepita tangu saa ile. Mtambo wa barua pepe ulikuwa chini yangu. Barua taka zilipotuzidi, niliuamuru: yoyote yenye herufi zisizo za Kizungu kwenye jina la mtumaji au kichwa cha habari, itupwe shimoni, folda ya taka isiyofunguliwa na mtu. Mimi, Mwarabu wa Iskanderia, Misri! Wala hakuna aliyelalamika. Kompyuta zetu kuukuu zilishatuzoesha kuandika Kiarabu kwa herufi za Kizungu, tarakimu 3 na 7 tukizipachika badala ya sauti zisizo na herufi ya Kizungu.

Nilifungua shimo. Vichwa vyote vilikuwa alama za kuuliza tupu, kwa kuwa mtambo haukujua kuonyesha herufi za Kiarabu pale. Nikazifungua barua moja moja hadi nikaiona ya Amman. Ndani, Kiarabu kilikuwa salama salimini: Nagah amekubaliwa. Kisha ya pili. Kisha ya tatu: tusipojibiwa kufikia Alhamisi hii adhuhuri, nafasi atapewa mgonjwa mwingine.

Saa sita kasoro dakika nane. Nilipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Pokeeni, jamani! Pokeeni!"

Mwanamke akaitika. "Kumbe mpo? Tulidhani hamtaki. Nilikuwa nampigia mwingine sasa hivi. Basi, nafasi ni yenu."

Nilipompa habari, kigelegele cha Umm Nagah kilimtoa mkurugenzi ofisini mwake. "Mungu akuweke, Injinia! Bila wewe barua ingepotea!"

Nilitaka kumwambia ni nani aliyeipoteza. Aibu ikanishinda, nikaugeukia mtambo. Amri ile niliifuta kabla mama huyo hajarudi kuchukua vikombe.

Nagah ana watoto wawili sasa. Mama yake alituhudumia miaka sita zaidi, na kikombe cha kwanza kilikuwa changu, kabla ya mkurugenzi, sukari vijiko vinne vya shukrani. Sukari siipendi. Nilikinywa chote, kila siku.