Kitabu cha Vijiji Viwili

Jumapili ile, watu walipokwisha kutoka kanisani, Mama Bernadina hakuinuka. Alikaa pale pale kwenye benchi la mbele, miguu ameinyoosha, akamsubiri katekista Bonaventura amalize kukifunga kitabu chake kwa kamba ya katani.

"Leo ardhi imewameza wangapi, katekista?" aliuliza.

"Kora na watu wake, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na Jumapili iliyopita walikuwa wale wa nyoka. Na ile ya kabla yake, moto. Mimi kusoma sijui, lakini kuhesabu najua. Mwaka wa tatu huu hatujapumua."

Bonaventura alitabasamu. Katika kijiji kizima cha Kwembago hakuna mwingine aliyethubutu kumtania.

"Nisomee pale Mungu anapomfundisha mtoto kutembea," Bernadina aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ulinisomea kule kambini, mwaka nilipomzika Raheli wangu. Anamshika mikono, anamwinua hadi shavuni. Nataka nipasikie tena kabla sijafa."

"Hapo hatuna, mama. Pako katika ile nusu ya kitabu iliyo kwa katekista Stefano, ng'ambo."

"Ahaa. Si ndiyo maana. Wewe umetufundisha kwamba upande wetu ni wa Mungu wa hasira na upande wao ni wa Mungu wa huruma."

"Hapana. Pale ni pa Agano la Kale, ni maneno ya nabii Hosea. Ni petu. Ila palivuka na upande wa pili."

Bernadina alimtazama kama mtu anayemtazama mwuza nyanya aliyempunja.

"Kumbe hata yule wa huruma ni wetu," alisema. "Mlimpa Stefano bure. Basi kamrudishe."

Mambo hayo yalikuwa yameanza mwaka 1974. Kabla ya hapo waliishi wote katika kambi moja ya shamba la mkonge, si mbali na Hale, watoto wa watu waliotoka Njombe, Songea na Burundi kuja kukata katani. Mkonge ulipodorora na operesheni ya vijiji ilipofika, malori yaliwagawa: nusu walipelekwa Kwembago, upande wa Handeni, na nusu Kwamdoe, upande wa Korogwe. Wazee wa kanisa waligawana mabati, benchi, na vikombe vya ibada. Kilipobaki kitabu kimoja, Biblia kubwa iliyoachwa na padri aliyekwisha kurudi kwao, mzee mmoja alisema kwamba haifai kijiji kimoja kipate na kingine kikose, kwani siku hizi watu ni sawa. Wakakubaliana kikatwe vipande viwili.

Bonaventura ndiye aliyepewa kisu, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya kushona magunia katika ghala la shamba na mkono wake ulikuwa haukosei. Kusudi lilikuwa kukata mahali agano moja linapoishia na jingine kuanza. Lakini alipokifunua kitabu aliona kwamba mahali hapo pamo katikati ya fungu la kurasa zilizoshonwa pamoja; angekata hapo, kurasa zote zingelegea na kupeperuka. Mshonaji hakati mshono. Akarudi nyuma hadi kwenye kiungo kilichokuwa karibu, akakata, na manabii wadogo kumi na wawili wakavuka pamoja na Injili kwenda Kwamdoe. Kila nusu aliishonea jalada la gunia. Walipatana kwamba watabadilishana kila baada ya mavuno.

Walibadilishana mara moja na kurudishiana mara moja. Kisha Yuditha, mtoto wa pekee wa Bonaventura, alikuja siku ya Jumapili kumwomba baraka. Alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima huko Kwamdoe, na alitaka kuolewa na Mbwana, mkulima wa Kizigua, Mwislamu. Bonaventura hakumjibu nyumbani. Alimjibu kanisani. Alifungua kitabu cha Ezra, pale wanaume wa Israeli wanapoamriwa kuwafukuza wake zao wa kigeni pamoja na watoto waliowazaa, akasoma sura nzima bila haraka, Yuditha amekaa benchi la tatu. Alipofika mwisho alisema mbele ya watu wote kwamba yeye hana mtoto. Yuditha alitoka na kifurushi chake cha nguo. Bonaventura aliposikia kwamba Stefano alikula wali wa harusi ile, alituma ujumbe kwamba kubadilishana kumekwisha.

Mchana ule, baada ya maneno ya Bernadina, alikaa mlangoni pake na nusu yake ya kitabu mapajani. Angeweza kuisoma kama hati ya kumtetea yeye mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa ameisoma kwa miaka mitatu. Sasa aliisoma kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alianza mwanzo kabisa. Hakufika mbali. Alikuta mahali alipopapita mara mia: Mungu amewakasirikia watu wake wawili wa kwanza, amekwisha kutoa hukumu, yuko karibu kuwafukuza bustanini. Lakini kabla ya kuwafukuza, aliwatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika.

Bonaventura aliufunika ukurasa kwa kiganja. Yeye aliijua kazi ile. Alijua kwamba vazi halitokei kwa neno tu. Ngozi hulainishwa, hupimwa mabegani mwa mtu, na anayepima hana budi kumsogelea anayempima. Mungu huyu, ambaye yeye alimtangaza kuwa mkali na kuuazima ukali huo, alikuwa amepiga magoti mbele ya watoto waliomkosea ili wasitoke uchi. Yeye alimwacha mtoto wake aende na kifurushi, na hata hakusimama mlangoni kuangalia ameshika njia gani.

Na hata kabla ya hapo, aliona, Mungu alitembea kati ya miti akiuliza, "Uko wapi?" Miaka mitatu, na yeye hakuwa ameuliza swali hilo.

Jumanne alianza safari alfajiri, kitabu begani ndani ya mfuko. Aliwaambia watu kwamba anakwenda kubadilishana, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi chake. Alifika Kwamdoe saa tisa alasiri, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini.

Stefano, katekista wa huko, alimkuta kisimani. Walikuwa vijana pamoja kambini.

"Loo, Musa ameshuka mlimani," alisema Stefano. "Umetuletea mawe mangapi?"

"Punguza mdomo, Stefano. Nipe maji."

Alikunywa, akapewa tena. Stefano aliupokea mfuko, akaupima uzito kwa mkono.

"Afadhali umekuja. Watu wangu wamekuwa legelege. Mtu anaiba mbuzi wa jirani, ukimkemea anakwambia Bwana amekwisha kusamehe. Nilihitaji ngurumo kidogo."

"Kwani upande wenu hamna ngurumo?"

"Tunazo, tena za kutisha. Giza la nje, kusaga meno. Mimi ndiye ninayeziruka." Stefano aliacha kucheka. "Yuditha ndiye aliyenibana. Huja kutusomea, mumewe hamzuii. Siku moja alifika pale Bwana anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, kumfarakanisha binti na mama yake, na adui za mtu ni wa nyumbani mwake. Aliacha kusoma. Akaniuliza, 'Mwalimu, kumbe baba hakukosea? Kumbe hata huku ndivyo?' Nikamwambia tuimbe."

Bonaventura alikuwa amekwisha kusimama.

Nyumba ya Mbwana ilikuwa ya mwisho kabla ya mashamba ya mahindi. Mbwana alikuwa uani akinoa jembe; alipomwona mgeni aliliweka chini, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bonaventura, na neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalipima.

Mbwana alimletea kigoda, kisha, kwa adabu ya kwao, akachukua jembe lake akaenda shambani ili wazungumze. Yuditha alitoka ndani na ungo wa mahindi. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele amezisuka kama marehemu mama yake alivyokuwa akisuka. Alisalimia bila kumtazama, akaketi kwenye mkeka, akaendelea kupukuchua.

"Nimefuata zile kurasa za Hosea," alisema Bonaventura. "Mama Bernadina anazitaka."

Hata yeye alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo.

"Ziko kwa mwalimu Stefano," alisema Yuditha. "Ungezichukua huko huko ukaenda zako."

"Yuditha."

"Umetembea tangu Handeni kufuata karatasi, baba. Karatasi zipo, nenda."

Mtoto wa kike alitokea nyuma ya nyumba akikimbia, mkononi ana gunzi, akasimama ghafla alipomwona mtu asiyemjua. Bonaventura alinyoosha mikono yote miwili, bila kufikiri.

"Anaitwa Mwatumu," alisema Yuditha. "Na umechelewa. Kutembea amekwisha kujua. Baba yake na mimi ndio tuliomshika."

Mtoto alijificha mgongoni kwa mama yake. Bonaventura alirudisha mikono mapajani.

"Nilisema uongo," alisema. "Sikufuata karatasi. Nilisoma neno la Ezra kwa kinywa cha Mungu, lakini uchungu ulikuwa wangu. Niliogopa kubaki peke yangu, nikakuacha ili nisiachwe. Mungu wa kitabu kile hunung'unika kama mtu aliyekimbiwa, anaita, anatishia, kisha anatoka nje kutafuta. Mimi nilichukua kutishia tu."

Punje zilianguka kwenye ungo, moja moja, kisha zikakoma.

"Ulisoma mbele ya watu," alisema Yuditha. "Benchi la tatu. Mama Bernadina alikuwepo, watoto niliocheza nao walikuwepo. Hapa uani tuko wawili. Maneno ya hapa uani ni mepesi."

"Njoo Jumapili. Nitasema mbele yao."

"Siji."

"Basi nisemeje ili usikie?"

"Sema nisipokuwepo. Ukisema mimi nikiwepo, utakuwa unanibembeleza. Sema mimi sipo, nami nitasikia kwa watu. Kisha nitaona."

Alimpa uji, akamfungia mihogo ya njiani. Alipoondoka kurudi kwa Stefano kuchukua ile nusu ya kitabu, Bonaventura aligeuka mara mbili. Mara ya pili Yuditha alikuwa amesimama mlangoni, lakini jua lilikuwa machoni mwa Bonaventura na hakuweza kujua kama alikuwa akimtazama yeye au anaangalia mumewe anarudi.

Jumapili iliyofuata benchi zilijaa, kwa maana habari zilikuwa zimemtangulia. Alisoma pale alipoombwa: Mungu na mtoto aliyempenda, mikono, kamba za upendo, shavu. Kisha aliendelea mahali ambapo kule kambini alikuwa hapasomi, pale mtoto anapogeuka na kwenda zake, na Mungu anaghadhibika hadi kutaja upanga, na papo hapo moyo unampinduka ndani, naye anasema hawezi kumwacha. Sura moja, kinywa kimoja. Hakueleza kitu. Bernadina alikuwa amefumba macho.

Alikifunga kitabu, akashika meza.

"Miaka mitatu iliyopita," alisema, "nilisimama hapa nikasema sina mtoto. Ninaye. Anaitwa Yuditha, ni mke wa Mbwana wa Kwamdoe. Nina mjukuu, Mwatumu. Niliwakosea, na nilimsingizia Mungu."

Alitazama mlangoni, ambako alikuwa amejizuia asitazame tangu mwanzo. Mlango ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua, na njia ya Korogwe ikipanda polepole kati ya mahindi, nyekundu, haina mtu.

Mama Bernadina alifumbua macho, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Sema tena, katekista," alisema. "Wa nyuma hawakusikia, nao ndio wenye ndugu Kwamdoe."

Bonaventura alisema tena, kwa sauti kubwa zaidi, ameuelekea mlango.